Bolti ya hedi inazunguka bure: usinunue bloku bado

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo. Nina pampu ya maji ya inchi mbili yenye injini ya petroli ya Kichina, imeandikwa 168F. Ilianza kutema oili kwenye chujio la hewa na kuishiwa nguvu, fundi wa hapa akasema gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kifuniko cha silinda na bloku, imekatika. Tukanunua mpya. Wakati wa kukaza, bolti tatu zikashika vizuri, ya nne ikawa inazunguka tu. Tulipoichomoa ilitoka na uzi wa alumini umejiviringisha juu yake. Mmoja ananiambia nichomelee, mwingine niweke bolti kubwa ya spana 17, mwingine nikunje kipande cha kopo la soda nikitumbukize ndani. Dukani wanasema ninunue bloku. Zabibu nimeshapogoa na zinataka maji. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalonipa matumaini, nalo ni huo uzi wa alumini uliotoka na bolti. Nyuzi zikitoka namna hiyo, zikiwa zimeshikana kama waya, mara nyingi tundu limechubuka kwa ndani tu na nyama inayolizunguka bado ni nzima. Bloku hiyo inatengenezeka, na ikipata mkono mzuri tundu hilo litakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Dawa yake ni springi ya nyuzi, ile ya waya usioshika kutu ambayo kwenye maduka ya vipuri wanaiita helikoili. Ila kabla hujaanza kuitafuta kuna mambo ya kukagua, kwa sababu nyuzi za hedi hazifi zenyewe. Ukitengeneza tundu ukaacha kilichoua nyuzi, baada ya miezi michache utaniandikia habari za tundu la pili.

Angalia kwanza kazi wanayofanya hao wanne, yaani bolti za hedi. Silinda ya injini yako ina kipenyo cha milimita 68. Petroli ikiwaka juu ya pistoni, hedi inasukumwa kwenda juu kwa nguvu inayoweza kupita uzito wa tani moja, na injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika msukumo huo unatokea mara 1,800 ndani ya dakika hiyo hiyo. Kila bolti ya milimita 8 ikikazwa kwa kipimo chake, yaani nyutoni mita 24, inabana kwa takribani tani moja na nusu. Wanne wakishirikiana mzigo wanaumudu bila taabu. Mmoja akilegea, hedi haitang'oka, ila upande wake unainuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, moto unapenya hapo na kuanza kula gasketi. Mahali pembamba kuliko pote kwenye gasketi hiyo ni kati ya silinda na ile njia ya fito za kusukuma valvu. Pakikatika hapo, moto unashuka hadi tumboni mwa injini, unaisukuma oili kupitia mpira wa kupumulia, na oili inaishia kwenye chujio la hewa. Ndiyo hiyo uliyoiona.

Kwa hiyo naamini tundu lako lilikuwa limeanza kufa kabla fundi wako hajaligusa. Gasketi ilikatika kwa sababu bolti hiyo ilikuwa haibani tena sawasawa, na alipokuja kuikaza upya akamalizia nyuzi zilizokuwa zimebaki. Usimlaumu sana. Kati ya nyuzi zote zilizoshikana, ule uzi wa kwanza peke yake hubeba karibu theluthi ya mzigo, na tano au sita za mwanzo hubeba karibu wote. Alumini ikianza kuchoka inachokea juu, mzigo unahamia kwenye nyuzi zinazofuata, nazo zinachoka, mpaka siku moja bolti inazunguka bure mkononi.

Sasa chukua bolti zote nne uzipange mezani. Bolti halali ya hedi ya injini za aina hii ni ya milimita 8 kwa urefu wa 60, bila kuhesabu kichwa, na nyuzi zake zina hatua ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Ukikuta hiyo mbovu ni fupi kuliko wenzake, umeshampata mhalifu. Kuna mtu huko nyuma alipoteza bolti akaokota ya 50, na fupi namna hiyo inashika nyuzi chache za juu tu. Jambo hili linatokea sana kwa sababu mtaani bolti tunaziita kwa namba ya spana. Bolti ya spana 12 na ya spana 13 zote zinaweza kuwa za milimita 8, na namba ya spana haikuambii chochote kuhusu urefu wala hatua ya nyuzi.

Kisha pima kina. Tumbukiza njiti iliyonyooka ya fagio la chelewa kwenye tundu lililosafishwa mpaka iguse chini, iwekee alama, uipime kwa rula. Pitisha bolti kwenye hedi pamoja na gasketi, upime kipande kinachotokeza upande wa pili. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi iliyobaki chini ya bolti. Ukimulika tochi ukaona chini kuna nyuzi nzima ambazo bolti haikuwahi kuzifikia, na bolti ndefu zaidi inaweza kushika nyuzi hizo kwa milimita 12 au zaidi huku ikiacha milimita 2 au 3 kabla ya kugonga chini, basi umepona bila kutoboa chochote. Bolti ikigonga chini, mkono utahisi imekaza kumbe hedi haijabanwa hata kidogo, na ukilazimisha utapasua bloku. Kwa bahati mbaya kwenye injini nyingi nafasi hiyo haitoshi, lakini kuipima hakukugharimu kitu.

Tuje kwenye ushauri uliopewa. Kopo la soda liache kabisa. Bati lile linajaza uwazi, nyuzi halirudishi. Leo litaonekana limeshika, likipata joto na mtikisiko linateleza, na wakati huo gasketi yako mpya inaungua. Gundi za chuma za mirija miwili nazo ni hivyo hivyo kwa mahali hapa. Hedi inayopozwa kwa upepo hupita sentigredi 150 ikifanya kazi ya pampu, na gundi nyingi za dukani hulainika kabla ya hapo. Gundi hiyo naikubali kwenye bolti ndogo ya kifuniko cha plastiki, basi.

Kuchomelea kunawezekana, lakini si kwa mashine ya vijiti anayotumia fundi wa mageti. Alumini inahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyeizoea. Bloku iliyokunywa oili kwa miaka hutoa mapovu ndani ya weldi, na joto lenyewe linaweza kupinda silinda iliyo sentimita chache tu kutoka hapo. Baada ya kuchomelea bado utatakiwa kusawazisha uso wa bloku kwa mashine, kutoboa upya na kukata nyuzi upya, kwenye alumini iliyokwisha kulainishwa na moto. Kwa nini upite njia hiyo ndefu wakati nyama ya tundu ni nzima?

Bolti ya spana 17, ambayo ni ya milimita 10, ni ushauri wenye nusu ya ukweli. Kwenye bloku itashika, lakini itakubidi upanue tundu la hedi na la gasketi, na kichwa chake kinaweza kukosa pa kukaa kati ya mapezi ya kupoozea. Kama springi ya nyuzi imekosekana kabisa, njia hii ina sura yake bora, nayo ni studi ya ngazi: chini nyuzi za milimita 10 za kuingia kwenye bloku, juu nyuzi za milimita 8 za kupita kwenye hedi, halafu nati na wosha ngumu. Mkereza vyuma yeyote mzuri ataikereza. Mpe bolti iliyogongwa namba ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani aichonge kutoka humo, na usikubali akuchongee ya nondo. Nondo ya ujenzi haikutengenezwa kwa kazi hii, itavutika kidogo kidogo na hedi italegea tena. Pima pia nyama inayobaki kati ya tundu jipya na ukingo wa bloku. Ikishuka chini ya milimita 3 mimi sikubali kutoboa.

Na bloku mpya? Kubadili bloku ni kufungua injini yote: pistoni, kamu, mkono wa pistoni, beringi, gasketi zote. Kwa tundu moja, hapana.

Sasa springi yenyewe. Ukiishika utaona ni waya uliosokotwa ambao ubavu wake una umbo la almasi. Ncha ya nje ya almasi inakaa kwenye nyuzi mpya utakazokata kwenye alumini, na upande wa ndani unakuwa nyuzi za bolti yako ile ile ya milimita 8. Ikiwa huru ni pana kidogo kuliko tundu, kwa hiyo ikishaingia inajitanua na kujikaba. Uimara wake unatoka hapo: mzigo sasa unalala kwenye nyuzi za alumini zenye kipenyo cha karibu milimita 9.6 badala ya 8, na bolti inasuguana na chuma kila unapofungua hedi, alumini haiguswi tena.

Ulizia seti ya milimita 8 kwa 1.25. Ndani yake inapaswa kuwa na biti, kwa kawaida ya 8.3 au karibu na hapo, tepu yake maalumu ya kukatia nyuzi, chombo cha kuingizia, na springi zenyewe. Tepu hiyo ni ya pekee. Kwa macho inafanana na ya milimita 10, lakini ile ya kawaida ya 10 ina hatua ya 1.5, na ukiitumia springi haitakaa. Chagua springi ndefu kadiri kina kinavyoruhusu. Ya milimita 16 ni nzuri, ya 12 inatosha, fupi zaidi ya hapo kwa hedi sipendi. Seti za bei ya chini zinafanya kazi, ila tepu zake nyingine ni butu tangu dukani, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye pistoni kuukuu au bloku iliyotupwa. Ukiona inakata nyuzi safi zinazong'aa, endelea. Ukiona inararua, irudishe.

Kazi nzima inategemea tundu kunyooka. Ukishika drili kwa mkono ukabahatisha, biti itafuata upande ambao nyuzi za zamani ni laini, bolti itasimama imeinama, na kichwa chake kitabana hedi kwa upande mmoja. Bora zaidi ni drili ya stendi, bloku ikiwa imelazwa imara na uso wake umepimwa kwa skwea. Kama bloku imebaki kwenye pampu na huwezi kuipeleka kwenye stendi, tengeneza kiongozi. Tafuta kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita 20. Weka gasketi ya zamani juu yake, uweke alama ya matundu mawili ya bolti yaliyo jirani. Kwenye drili ya stendi toboa moja kwa biti ya 8.3 na jingine kwa biti ya 8.5. Funga kipande hicho juu ya bloku kwa bolti kupitia tundu la 8.5, kwenye tundu zima lililo jirani na bovu, na ukizungushe mpaka tundu la 8.3 likae sawasawa juu ya tundu bovu. Kaza, na kiongozi hakitahama tena. Biti ikipita humo haina pa kuyumbia. Kwa kutoboa kipande kimoja cha chuma unapata unyoofu wa drili ya stendi ukiwa shambani.

Kabla ya kutoboa, pandisha pistoni mpaka juu kabisa, pakaa grisi kwenye ufa mdogo unaouzunguka mdomo wa pistoni, na ziba njia ya fito za valvu kwa kitambaa kisichochanika nyuzi. Unga wa alumini ukishuka kwenye oili utasaga beringi. Kwenye injini nyingi za aina hii kuna pia pini mbili fupi zenye uwazi katikati, zinazozunguka bolti mbili na kuipa hedi mahali pake. Zitoe uziweke kwenye kopo. Kama tundu lako bovu ni mojawapo ya yenye pini, kumbuka nyuzi zake zinaanza chini ya pini, na springi itakaa chini ya hapo.

Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatoboa chini ya tundu la zamani. Toboa taratibu, ukitoa biti mara kwa mara. Kwa alumini kilainishi kizuri ni mafuta ya taa, yanazuia vipande visigande kwenye makali. Baada ya hapo panua tundu la kiongozi hadi 10 ili tepu ipite, kirudishe, ukate nyuzi kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukisikia inakaza usiilazimishe, itoe uisafishe. Grisi kidogo kwenye mifereji ya tepu inashika vipande vingi visianguke. Ukimaliza, vuta petroli kidogo kwa bomba la sindano, uipulize ndani ya tundu itoe uchafu, mbali na moto na sigara, kisha likaushe kwa pampu ya baiskeli yenye mpira mwembamba. Vaa miwani, kwa maana uchafu ule unarukia machoni moja kwa moja.

Springi inaingia kwa chombo chake, bila nguvu, kama unafunga bolti kwa vidole. Ishushe mpaka mwanzo wake uwe chini ya ukingo wa nyuzi kwa nusu mzunguko. Ikibaki imechomoza itazuia hedi kulala. Chini springi ina kijino kilichokatiza katikati, ambacho chombo kilikuwa kinakishika. Kivunje kwa kugonga mara moja kwa kijiti bapa na nyundo ndogo, halafu ukitoe. Usitegemee sumaku, waya huu haushikiki vizuri kwa sumaku. Pakaa grisi kwenye ncha ya njiti, kitanasa. Jaribu bolti kwa vidole: inapaswa kushuka mpaka mwisho bila kukwama.

Ukishakuwa na seti mkononi, nakushauri sana ufanye matundu yote manne. Hayo matatu yameshika leo, lakini yamebeba mzigo wa mwenzao tangu alipoanza kulegea, na yamefunguliwa idadi ile ile ya mara. Springi nne zinatoka kwenye seti moja.

Kisha tazama hedi yenyewe. Hedi iliyowahi kuvuja huwa imepinda, na hedi iliyopinda ndiyo inayowafanya watu wakaze, wakaze tena, mpaka nyuzi zikubali kufa. Weka rula ya chuma ya kingo nyoofu juu ya uso wake, upitishe fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, chini. Ikipita ya milimita 0.10, hedi hiyo inahitaji kusawazishwa. Kupinda kidogo unakusawazisha mwenyewe: kioo kinene juu ya meza, msasa wa namba 320 juu ya kioo, matone ya mafuta ya taa, halafu unaisugua hedi kwa mzunguko wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawa.

Kukaza ndipo wengi wanapoharibu. Katika nguvu unayotia kwenye spana, karibu sehemu tisa kati ya kumi zinamezwa na msuguano wa nyuzi na wa kichwa cha bolti, sehemu moja tu ndiyo inayobana hedi. Bolti yenye mchanga inafika kipimo kabla haijabana, na iliyopakwa grisi nyingi inafika kipimo ikiwa imebana kupita kiasi. Isafishe kwa brashi ya waya, ifute kwa kitambaa chenye oili nyepesi, hiyo inatosha. Tundu lenyewe liwe kavu. Oili iliyotuama chini ya tundu lisilopenya haina pa kwenda wala haibaniki, na bolti inaposhuka juu yake inaweza kupasua bloku.

Kama huna toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, mizani ya kulabu, hiyo mnayopimia mazao, inakutosha. Chukua spana ya mkono mrefu, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, weka alama hapo. Nasa kulabu ya mizani kwenye alama na uvute, kamba ikiwa imenyooka na imefanya pembe mraba na spana. Kilo 4 ni takribani nyutoni mita 8, kilo 8 ni 16, kilo 12 ni 24. Kaza zote nne kwa kilo 4 kwanza ukienda kwa msalaba, wa juu kushoto, wa chini kulia, na wale wawili wengine. Rudia kwa kilo 8, malizia kwa kilo 12. Vuta polepole, mizani isiruke. Bolti za milimita 6, za spana 10, kwa njia hiyo hiyo haziendi zaidi ya kilo 5.

Ukishafunga, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.15 kwa ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea moshi. Badilisha oili, kwa kuwa ile ya zamani imepigwa na moshi uliopenya. Safisha chujio. Ondoa kifuniko cha feni uone mapezi ya silinda. Kwa vumbi letu la kiangazi, na majani yanayonyonywa shambani, mapezi hayo hujaa yakawa kama ukuta, injini inachemka, alumini inavimba kuliko chuma cha bolti kwa karibu mara mbili, na nyuzi zinavutwa kwa nguvu ambayo hakuna aliyezikaza nayo. Mimi kwa pampu ya zabibu ningeyasafisha kila ninapopogoa. Kwa sababu hiyo hiyo, hedi isifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Jambo moja upande wa pampu, kwa kuwa utaifungua siku moja. Kwenye baadhi ya injini hizi matundu ya kufungia pampu yana kipimo cha inchi 5/16 chenye nyuzi 24 kwa inchi. Bolti ya milimita 8 inafanana nayo kwa unene, inaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inakaza. Hapo ndipo watu huongeza nguvu na kuzing'oa nyuzi zote. Bolti ikikataa kwa vidole, itoe uilinganishe na ya zamani.

Kama kijijini hakuna drili ya stendi, leta bloku Dodoma mjini. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana karakana za ufundi, na kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, unaweza kuelekezwa kwa wakereza vyuma wenye mashine. Njoo na hedi, gasketi ya zamani na bolti zote nne, hata ile mbovu, ili anayefanya kazi apime kwenye vitu halisi asikisie. Mwambie mapema kuwa unataka springi ya nyuzi ya milimita 8 kwa 1.25, na kwamba tundu litobolewe kwenye stendi.

Kabla ya kusafiri, osha bloku kwa petroli, ikaushe, upake chokaa au chaki iliyosagwa kuzunguka tundu bovu, usubiri kidogo. Kama kuna ufa, oili iliyojificha ndani itachora mstari juu ya chaki. Usipouona mstari, njoo na bloku yako. Ukiuona unatoka kwenye tundu kuelekea silinda au ukingoni, springi haitasaidia, na hapo ndipo nitakuambia ununue bloku.